Serire Ilipovuta Moshi

Kuanzia Nengo mpaka ufukweni hakukuwa na mtu aliyeielewa sayansi kama Donatille. Hayo aliyasema Donatille mwenyewe, mbele ya wanawake wanne waliokuja kununua samaki, na kabla hawajamaliza kutikisa vichwa akaongeza kwamba amesoma hadi darasa la sita tu. Ila la tano alilirudia mara mbili, basi tuhesabu la nane. Na kipindi cha sayansi kilikuja baada ya uji, kwa hiyo alikisoma macho yakiwa yamefumbwa.

"Lakini masikio ilikuwa wazi," akasema.

Masikio hayo ndiyo yaliyoleta mambo yote.

Alikuwa na miaka sabini kasoro, na kasoro yenyewe ilikuwa ikiongezeka kila mwaka. Alikaa kwenye akagari moja ya Gisenyi ambayo tutaiacha bila jina, maana viongozi wake bado wako kazini na wana simu. Akagari, kwa asiyejua, ni kipande cha mji chenye ofisi yake, mlinzi wake mlangoni, na katibu mtendaji wake ambaye watu wote humwita Gitifu. Vijana ndio wanaosema akagari. Wazee walizoea neno la zamani la Kifaransa, "cellule", na kwa kuwa kila ulimi una njia zake, wakalifanya "serire". Donatille hadi leo anasema serire. Ukimwambia akagari anakuitikia, lakini kwa hisani tu.

Nyuma ya nyumba yake lilikuwepo pipa. Lilikuwa la mafuta zamani, akalikata mlango chini na kulaza nondo juu, na humo alikausha samaki kwa moshi. Wanawake wanaovuka kwenda Goma walipita kwake asubuhi, wakajaza mabeseni, wakashika njia ya mpakani. Pipa hilo lilimlea tangu afiwe na mumewe. Alipenda kusema kwamba kati ya hao wawili, pipa ndilo lililokuwa na joto kila siku.

Tatizo lilikuwa moshi. Majirani walikohoa. Nguo zilizoanikwa zilirudi ndani zikinuka samaki, na kuna bwana harusi mmoja aliyefuatwa na paka watatu hadi mlangoni mwa kanisa, na mmoja akaingia. Basi Gitifu, kijana aitwaye Aimable, mwenye viatu vilivyochongoka na kalamu tatu mfukoni, akaandika barua. Barua ilisema pipa liwe limeondoka ifikapo umuganda wa mwezi ujao, yaani ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo watu wote hutoka kufanya kazi ya pamoja. Ikaendelea kwamba, kama Mama Donatille angependa kudumu katika shughuli yake, ofisi imemtafutia nafasi nzuri huko Mudende.

Mudende ni juu milimani. Kuna viazi, kuna ng'ombe, kuna baridi ya kuuma meno. Samaki hakuna hata wa kuchorwa ukutani.

Donatille aliisoma barua mara mbili, akaitumia kuwashia moto. Siku hiyo samaki wakamuungulia, jambo lisilowahi kutokea hata siku za msiba. Wateja wake wote walikuwa wa njia ya mpakani. Kumpandisha Mudende ni kumwambia akae kando ya jiko la mtu mwingine, anuse mvuke wa viazi, angoje siku yake. Aliketi kwenye kigoda, akalieleza pipa, mwanzo hadi mwisho, habari za Mudende. Maelezo hayo yalidumu kama nusu saa, na majirani waliyasikia wakaogopa.

Wiki hiyohiyo ndiyo alipokuja Gatesi.

Gatesi alikuwa mwalimu wa chuo, mtaalamu wa mambo ya mwili. Wazazi wake walirudi kutoka Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kama mstari wa daftari. Aimable alimwita azungumze na wananchi baada ya umuganda, juu ya moshi na madhara yake. Hesabu yake Aimable ilikuwa kwamba mtaalamu akishauchafulia moshi jina, hakuna atakayemtetea Donatille. Watu wakaketi kwenye nyasi mbele ya ofisi, majembe magotini. Gatesi akaanza kwa Kinyarwanda, akafika kwenye neno la sayansi, neno likamkwama. Akahamia Kiswahili, akasema "seli". Nyuso zikamtazama tu. Ndipo akakumbuka kwamba wakubwa wa hapa walisoma Kifaransa.

"Cellule," akasema. "Mnaijua cellule?"

Wazee wakajibu kwa pamoja kwamba serire wanaijua sana, wameishi ndani yake tangu zamani. Mzee mmoja akasema yeye hata aliwahi kuongoza moja. Gatesi akafurahi, akaona amepata watu walioelimika.

Akaeleza. Kila cellule, alisema, inaishi hatarini. Moshi, sumu, jua kali, hata chakula inachokichoma yenyewe ili ipate nguvu, vyote vinaleta cheche ndogondogo zinazokula kila zinachogusa, kama kutu inavyokula bati. Lakini cellule haikuachwa uchi. Ndani yake mna protini ya kuiokoa, na wataalamu huiita Nrf2. Alilitamka jina hilo haraka, kwa ulimi wa chuo, na lilipofika kwenye masikio ya Donatille likawa "mrefu".

Siku za amani, aliendelea Gatesi, huyo hafanyi kazi. Kuna mwenzake anayemshika, anaitwa Keap1. Donatille akasikia "kipa", akakaa vizuri, kwa sababu mpira anaujua. Basi huyo kipa humshika yule mrefu na kumkabidhi kwa mashine ya taka, asagwe. Anatengenezwa mwingine, naye anashikwa, naye anasagwa, kutwa, kila siku ya Mungu. Mtu angesema ni hasara tupu. Lakini faida yake ni kwamba mwokozi yupo mlangoni wakati wote, hangojwi atoke mbali.

Halafu moshi unaingia. Yule kipa, alisema Gatesi, vidoleni ana kibiriti. Alimaanisha kile kitu cha njano cha ardhini ambacho wengine wanakiita salfa, lakini hakusema salfa. Moshi ukimgusa hapo kwenye kibiriti, mikono inamlegea, hawezi tena kumpeleka mrefu kwenye taka. Mrefu anapita. Anaingia hadi kwenye kiini, ndiyo ofisi kuu ya cellule, anashikana mkono na mwenzake mdogo aitwaye Maf, na wakiwa wawili wanawasha jeni za ulinzi. Jeni zikishawaka, zinatoa vitu vya kuzima zile cheche na kuosha sumu.

Akamalizia kwa kusema kwamba hata hivyo moshi ukizidi, kinga hiyo hushindwa, na kwa hiyo watu wapike mahali penye hewa na wasivute moshi ovyo. Hiyo sentensi ya mwisho, ambayo ndiyo hasa aliyoitiwa, Donatille hakuisikia. Alikuwa ameshasimama na mkono juu.

"Mwalimu. Donc, serire ikikosa moshi, ule murefu wanamutupa katika taka kila siku?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na moshi ikikuja, anaponyoka, anaingia ku bureau, anawasha jeni?"

"Umeelewa vizuri mno," akasema Gatesi. "Natamani wanafunzi wangu wangekuwa na masikio kama yako."

Aimable, aliyekuwa akiandika muhtasari, aliinua macho. Alihisi kitu kimepita karibu yake, ila hakujua ni nini.

Sasa inabidi kusema habari za ofisi yenyewe, kwa sababu watu wote waliokaa kwenye nyasi walizijua na Gatesi pekee hakuzijua.

Mlangoni pa ofisi alikaa mlinzi Habimana. Ujanani alikuwa kipa wa timu ya mtaa. Aliwahi kufungwa mabao saba katika mchezo mmoja, na tangu siku hiyo aliapa kwamba hakuna kitu kitakachompita tena, wala mpira wala mtu. Hata Aimable mwenyewe, siku yake ya kwanza kazini, alishikiliwa mlangoni hadi saa sita mchana.

Nyuma ya ofisi kulikuwa na jenereta jipya, ambalo mtaani waliliita jeni tu, lililoletwa kwa ajili ya kuvuta maji mpaka kwenye tanki la juu. Lilikuwa halijawashwa hata siku moja. Fundi wake alikuwa Ngoga, mtu mrefu sana, ambaye watoto wa mtaa walimuuliza mvua ikoje huko. Kila asubuhi Ngoga alikuja na barua ya kuomba aingie awashe. Kila asubuhi Habimana alimshika mikono yote miwili, akamweleza kwa upole kwamba haingii mtu bila barua yenye muhuri, akaipokea ile isiyo na muhuri, akaitumbukiza kwenye kapu la taka. Muhuri ulikuwa ndani. Kesho yake Ngoga alileta barua nyingine.

Kwa hiyo Donatille hakuona fumbo lolote katika hotuba ile. Yeye aliona mtaalamu ametoka chuo, amefanya utafiti juu ya serire yao, amemkuta Kipa na Mrefu na jeni, na amegundua kinachokosekana. Ni moshi. Hata yule mwenzake mdogo, Maf, hakumsumbua. Alijua kwamba Mwalimu alitaka kusema mafua, na mtu wa mafua madogo alikuwepo, Mudathiru, karani wa ofisi, ambaye pua yake haijakauka tangu mwaka ule volkano ilipotapika.

Jumatatu akafunga kitenge chake cha kwenda kuonana na wakubwa, akaenda kwa Gitifu. Habimana alimshika mlangoni. Akamwambia amshike tu, lakini watembee pamoja mpaka ndani, na Habimana, ambaye kanuni yake haikusema kitu kuhusu kutembea, akakubali.

Alimweleza Aimable yote. Pipa lake si uchafu, ni dawa. Serire ya jirani haina moshi, na je, imewahi kuwasha jeni? Aimable, kijana aliyesoma, alimsikiliza hadi mwisho, akaelewa palipopotoka, akacheka kwa heshima huku akiziba mdomo kwa daftari.

"Mama, sikiliza. Cellule ya Mwalimu ni ile ya mwilini. Si hii ya kwetu."

"Mwili ya nani?"

"Mwili wa mtu yeyote, Mama."

"Bon. Na sisi wote si mwili moja? Pasteri anasemaka hivyo kila siku ya Mungu, na wewe unaitikia amina, nakuonaka."

Kanisa lilikuwa lao wote wawili. Aimable akatazama mezani, na hapo mezani palikuwa na karatasi iliyomnyima raha mwezi mzima, orodha ya imihigo, zile ahadi za kazi ambazo kila kiongozi hupimwa nazo. Mistari yote ilikuwa imejazwa: barabara, vyoo, bima ya afya. Mmoja tu ulikuwa mweupe, nao ulisema "Ubunifu".

Alimtazama Donatille. Alitazama mstari. Akachomoa kalamu moja kati ya zile tatu.

Wakapatana hivi: siku ya umuganda ujao, mbele ya watu na mbele ya Mwalimu Gatesi, pipa liletwe ofisini. Moshi ukimlegeza Habimana, Ngoga akaingia na jenereta likawaka, pipa litakaa linapokaa hadi Donatille mwenyewe alichoke. Habimana asipolegea, pipa linapanda Mudende jioni hiyohiyo, na mwenyewe juu yake kama atapenda.

Donatille alitoka akitembea kwa madaha. Madaha yakaisha alipofika mlangoni na kuuangalia mkono wa Habimana. Ulikuwa mkono mnene kama shina la mgomba. Alikumbuka mwaka ule nyuki walipovamia ofisi: watu wote walikimbia, Habimana akabaki pale na nyuki kumi na tisa usoni, akiwaambia wajitambulishe. Sasa mtu kama huyu, kwa moshi wa samaki, atalegea?

Usingizi ukampungua, hamu ya kula ikampungua, na Alhamisi ya wiki ya umuganda akafunga tilapia mmoja mkubwa kwenye gazeti, akaenda kumsalimia Habimana nyumbani kwake. Walichozungumza walikijua wao wawili na yule samaki.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika. Umuganda wa siku hiyo ulikuwa wa kuchimba mtaro, na ulichimbwa upesi kuliko mitaro yote iliyowahi kuchimbwa Gisenyi, maana kila mtu alitaka nafasi ya mbele. Pipa lilikuja kwa toroli. Donatille alitembea kando yake, ameliwekea mkono begani, kama tuseme pipa lina bega.

Gatesi naye alifika, amebeba hadubini katika sanduku. Barua ya Aimable ilisema "Jaribio la cellule mbele ya wananchi", na alikuwa hajalala kwa furaha. Akauliza ziko wapi hizo cellule. Donatille akamshika mkono, akamtembeza.

"Huyu hapa ni Kipa," akasema. Habimana alisimama wima mlangoni, na kila kiganja kimekamata pakiti ya kibiriti, kwa sababu Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema. "Huyu ni Murefu, na barua yake. Ule wa mafua iko ndani, unasikia anapenga. Na jeni iko kule nyuma, tulishaiwekea mafuta."

Gatesi aliangalia pakiti za kibiriti. Alimwangalia Ngoga kuanzia chini kwenda juu, kazi iliyomchukua muda. Akaliweka sanduku chini, akalikalia. Kwa sauti ndogo akaanza kusema kwamba kumetokea kutoelewana, kwamba seli ni kitu kidogo ambacho macho hayakioni, kwamba mtu mmoja anazo nyingi kupita majani yote ya milimani. Donatille akamsikiliza kwa huruma, kama anavyosikilizwa mgonjwa wa homa.

"Na mashine ya taka?" akauliza Gatesi mwishowe, kwa kukata tamaa, akidhani hapo atawapata.

Wakamletea kapu. Lilikuwa limejaa barua za Ngoga hadi mdomoni, na zote zilianza na "Ninayo heshima kubwa". Gatesi akachukua moja, akaisoma, akaangalia tena Kipa, Mrefu, mlango, kapu. Watu waliona mabega yake yakitikisika. Wakadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka akavua miwani, na alipoivaa tena uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa mwalimu anayegawa karatasi za mtihani.

Akasema vizuri, kama ni jaribio, litafanywa kwa sheria zake. Kwanza bila moshi, ili tujue siku za amani zinavyokuwa. Halafu na moshi. Na yeye ndiye atakayeamua.

Bila moshi, mambo yalikwenda kama kila asubuhi. Ngoga alisogea, akatoa barua. Habimana akamshika kwa mikono yote miwili, pakiti za kibiriti zikalia kwa kubanwa, akamweleza habari za muhuri, akaitumbukiza barua kwenye kapu. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Gatesi akaandika kitu kwenye daftari lake.

"Sasa moshi," akasema.

Donatille akapiga magoti mbele ya pipa. Aliweka makaa, akaweka vijiti, juu yake akatandika majani mabichi ya mkaratusi. Moshi ukatoka mweupe na mzito, ukasimama kidogo kama unaouliza njia, kisha upepo wa ziwani ukaubeba moja kwa moja hadi usoni mwa Gitifu. Aimable alikohoa, akasogea kushoto, moshi ukamfuata. Ulikuwa moshi wenye adabu, ulianza na wakubwa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba haufiki mlangoni, na kwenye umati kuna aliyeuliza, si kwa sauti ya chini sana, Mudende gari linakwenda saa ngapi.

Donatille aliyasikia. Alichukua ungo, akapepea kwa nguvu zake zote za miaka sabini kasoro, na moshi ukageuka polepole, kama ng'ombe anayevutwa kamba, ukaelekea mlangoni. Ngoga akasogea na barua nyingine. Habimana akamshika.

Moshi ukawafunika wote wawili. Zikaonekana nywele za Ngoga tu juu ya wingu.

Donatille akakohoa mara moja, kikohozi safi, cha kanisani. Akasubiri. Mikono bado ilikuwa imeshika. Akakohoa mara ya pili, kwa sauti zaidi. Kisha upepo ukamgeukia yeye, moshi ukamwingia kooni na puani na machoni, akabaki anatapatapa kwenye ungo bila pumzi hata ya kukohoa nayo.

Na hapohapo watu wakasikia pakiti mbili za kibiriti zikidondoka sakafuni.

Habimana alikuwa ameachia. Alifikicha macho kwa ngumi zote mbili kama mtoto anayeamshwa, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kola ya sare. Ngoga alijitazama mikono, hakuamini kwamba ni yake. Miezi yote hiyo alifikiri juu ya kuomba kuingia, hakuwahi kufikiri juu ya kuingia kwenyewe. Watu wakampigia kelele aende. Akainama, akapita chini ya kizingiti, akamkuta Mudathiru anapenga, akamshika mkono, kwa kuwa ndivyo Mwalimu alivyosema washikane, wakatokea mlango wa nyuma. Ikasikika kamba ikivutwa. Ikavutwa tena. Mudathiru akapiga chafya kubwa iliyowayumbisha wote wawili, kamba ikatoka nzima nzima, na jenereta likanguruma.

Donatille alibaki mdomo wazi, ungo mkononi. Alishangaa kuliko watu wote waliokuwepo, na mtu makini angejiuliza kwa nini.

Maji yakaja. Kwanza bomba lilitoa pumzi, kisha chura, kisha maji mekundu, kisha maji meupe yenye nguvu ambayo mpira wake wa bomba hakuna aliyekumbuka kuufunga. Ukajinyanyua kama nyoka, ukazunguka. Uliwaosha wazee, ukaosha majembe, ukajaza viatu vya Gitifu vilivyochongoka, na mwisho ukamwagika juu ya pipa na kuzima kila cheche iliyokuwa ndani, fssss, mpaka moshi ukaisha na watu wakaonana tena.

Gatesi alisimama juu ya sanduku la hadubini, amelowa, daftari kifuani. Alisema taratibu kwamba miaka kumi na minne amefundisha jambo hili kwa michoro, na hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyewahi kulifanya kwa maji.

Aimable alikuwa mtu wa kutimiza neno. Akamimina maji kutoka kiatu kimoja, akatangaza kwamba pipa la Mama Donatille linabaki, na kwamba Mwalimu aweke sahihi yake hapa, kwenye mstari wa Ubunifu, ili ofisi ya juu isije ikasema ni hadithi. Akatoa karatasi, iliyokuwa kavu kwa sababu aliificha ndani ya shati. Wanawake wa mpakani wakaanza kupiga vigelegele. Donatille alikuwa ameshaanza kupanga ni samaki wangapi wa Jumatatu.

Gatesi akaishika kalamu. Akaiweka juu ya karatasi. Hakuandika.

"Nitasaini," akasema, "lakini sheria ni moja. Jaribio likipangwa kabla, halihesabiki. Bibi, kabla ya leo, kuna mtu aliyezungumza na mlinzi kuhusu kuachia?"

Watu wote wakamgeukia Donatille. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akasimama wima, akainua mkono wa kulia kama anayeapa mbele ya hakimu.

"Mi? Na ule mutu?" akasema. "Mwalimu, tangu Pasaka hatujasalimiana hata salamu ya njiani. Uliza mutu yeyote."

Gatesi akaridhika, akainamia karatasi. Na hapo ndipo Habimana, macho mekundu kama nyanya, alipopapasa njia kati ya watu mpaka akafika mbele ya Donatille, akavua kofia, akainamisha kichwa kwa aibu ya mtu aliyeharibu kazi.

"Mama, unisamehe," akasema. "Ile kikohozi ya tatu sikuingoja, moshi ilinizidi. Sasa ile samaki ya Alhamisi, nirudishe ao nikule tu?"